Daftari Lisilouzwa

Ukurasa wa kwanza wa daftari la sheikh wangu ulikuwa na mistari miwili tu ya Kiarabu, kwa wino wa masizi na utomvu wa mgunga. Ulisema kwamba daftari lile ni wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: haliuzwi, halirithiwi, halizuiwi kwa mwenye haja nalo. Chini yake aliongeza sharti lake mwenyewe, ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote: anayenakili na anakili mara mbili, nakala moja iwe yake, ya pili iwe ya yule ambaye bado hajafika.

Nililinakili nikiwa kijana, huko upande wa Modogashe, na nakala yangu ya pili nikaiacha msikitini pale njia panda. Sikujua ni ya nani. Karatasi sikununua mimi. Alinunua mfugaji mmoja mwenye ngamia wengi ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, na baada yake hakuna msomaji aliyetoa chochote. Gharama ilibebwa mara moja, mwanzoni, na mwenye uwezo. Aliyekuja nyuma alikuta mlango wazi. Nilikua nikiamini kwamba elimu yote duniani huishi hivyo. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kurasa nyingi za daftari zilihusu zaka ya mifugo, mirathi na talaka. Lakini mwishoni palikuwa na kurasa chache ambazo sheikh aliziandika mwaka wa mafuriko makubwa ya zamani, kabla ya Uhuru. Aliandika hivi: mvua ikivuka mpaka, mbu wakawa kama moshi, kondoo na mbuzi wakaharibu mimba karibu wote kwa wakati mmoja, na damu ikawatoka puani, basi huo ni ugonjwa tunaouita sandik. Msimchinje mnyama huyo hata akiwa anakufa mbele yenu. Msimchune. Msishike kijusi kwa mkono mtupu. Msinywe maziwa mabichi. Ugonjwa huo huvuka kutoka kwa mnyama na kuingia kwa mtu. Aliyaandika hayo baada ya kuzika watu wa nyumba moja.

Sandik haurudi kila mwaka. Huondoka, hukaa miaka mingi, hurudi wakati walioujua wamekwisha kufa au kuhama. Kwa hiyo sheikh hakutegemea ndimi. Alipofariki, daftari lilibaki kwangu Garissa, ambako nilikuwa nikifundisha watoto Kurani. Namshukuru Mungu kwa amana ile, ingawa kuibeba kumenitia hofu kuliko jambo lingine lolote nililowahi kukabidhiwa.

Miaka ya tisini ilipoanza, ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wengi, na serikali ikatuletea daktari wa mifugo, kijana wa bara, mpole, aliyezoea kuvua viatu vyake mbali hata pale pasipohitajika. Siku moja alinikuta nikiwasomea wazee zile kurasa za mwisho. Akaketi mpaka nilipomaliza.

"Maalim, haya mambo yameandikwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa peke yake?"

"Na Modogashe, kama mchwa hawajatangulia."

Akatikisa kichwa. "Hili likiungua, yamekwisha. Tuyaandike kwenye jarida la wataalamu wa mifugo. Dunia nzima isome."

Dunia nzima. Nilisema Alhamdulillahi, nikaona sheikh wangu akitabasamu kaburini.

Tulifanya kazi kwa karibu miaka miwili. Mimi nilitoa maneno kwenye Kiarabu na kuyatia kwenye Kiswahili, yeye akayatia kwenye Kiingereza na kuongeza ya kitaalamu. Tukayatuma makala ng'ambo. Aliniambia kwamba wanazuoni wenzake wangeyachunguza kabla hayajakubaliwa.

"Wanalipwa nini hao wachunguzi?" nikauliza.

"Hawalipwi kitu, Maalim. Ni kama sadaka ya elimu."

Nikawapenda watu wale bila kuwaona.

Makala yalikubaliwa. Pamoja na barua ya kukubaliwa kulikuwa na ombi: kila ukurasa utakaochapishwa una ada yake, nayo hulipwa na waandishi. Ofisi yake haikuwa na fungu la jambo kama hilo, na daktari aliniambia huku akiona haya. Mimi sikuona haya yoyote. Nilielewa mara moja. Mnakili lazima alipwe wino wake na mkono wake! Nikamtoa ngamia jike mchanga, aliyekaribia umri wa kupandwa, nikamuuza sokoni. Daktari akajaza iliyobaki kutoka kwenye mshahara wake.

"Unamuuza ngamia ili karatasi yako ipande ndege?" mke wangu akaniuliza.

"Ninaweka wakfu," nikamjibu. "Tunalipa sisi, wasome wote."

"Haya. Karatasi hiyo ikianza kutoa maziwa uniambie."

Pamoja na ada ilikuja fomu. Daktari alinieleza kwa haraka kwamba kila mwandishi hutia sahihi, bila hiyo hawachapishi. Nikatia sahihi yangu kwa Kiarabu chini ya jina lake. Mimi, ambaye nimewafundisha watu kwamba hata mkataba wa mbuzi mmoja husomwa wote mbele ya mashahidi wawili, sikuomba nisomewe mstari kwa mstari. Furaha ilinifunga macho.

Miezi ilipita, kikaja kifurushi cha nakala chache za makala yetu, karatasi zake nyororo kama ngozi ya mtoto. Nikamwambia daktari mpango wangu: nitayatia kwa Kisomali na Kiarabu, ninakili kwa mkono, mara mbili mbili kama lilivyo sharti, nipeleke Bura, Modogashe, na Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako watu walikuwa wamepoteza mifugo na wazee wao wa kuwakumbusha. Daktari akakuna shingo.

"Kuna tatizo kidogo hapo, Maalim. Ile fomu. Tuliwapa haki zote."

"Haki zipi?"

Akaitoa nakala ya fomu kwenye jalada, na mara hii akanisomea yote, polepole. Waandishi wanathibitisha kwamba wao ndio wenye mali. Wanaihamishia kampuni ya jarida. Tangu sasa haitachapishwa tena, haitanakiliwa wala kusambazwa kwa njia yoyote ile, bila idhini ya kampuni kwa maandishi.

"Na mtu akitaka kusoma?"

"Ananunua jarida. Au maktaba inalilipia kila mwaka."

"Lakini tumekwisha kulipa sisi."

"Sisi tumelipia kuchapishwa. Kusoma ni malipo mengine."

"Kwa hiyo anayeleta maji kisimani analipa, na anayekunywa naye analipa?"

Akacheka, lakini uso wake haukucheka. "Na waliochunguza kama maji ni safi hawakulipwa. Ndivyo ilivyo, Maalim. Hata chuo nilichosoma kimeacha kulilipia jarida lile, bei imewashinda. Lakini usiogope. Nani atafunga safari mpaka Garissa kuja kukushtaki kwa daftari la mkono?"

Hakunielewa, na simlaumu. Mimi sikuogopa mahakama ya watu. Tumefundishwa kwamba ahadi itaulizwa Siku ya Hesabu, hata iwe umempa asiye wa dini yako, hata iwe inakuumiza. Na tumefundishwa vilevile kwamba aliyeulizwa elimu akaificha atavishwa hatamu ya moto. Nilikuwa nimetia sahihi mahali ambapo nikisema nimevunja ahadi, nikinyamaza nimefungwa hatamu. "Kwa njia yoyote ile," ilisema fomu. Ulimi si njia?

Nililiweka daftari kwenye sanduku la bati, nikalifunga kwa kufuli, kitu ambacho sheikh wangu hakuwahi kufanya. Nikaandika barua kuomba idhini. Daktari akaitafsiri na kuituma, na muda mfupi baadaye akahamishwa kwenda mkoa mwingine. Jibu halikuja. Darasani nilifundisha zaka, mirathi na talaka, na nikifika kwenye zile kurasa za mwisho nilifunga kitabu. Nilijifariji kwamba hakuna aliyeuliza. Kila wingu lililojikusanya upande wa mto nililihesabu. Nilikuwa mtu pekee wa Garissa aliyeomba mvua msikitini pamoja na wenzake huku moyo ukiomba isizidi.

Ilizidi. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mvua ilinyesha mpaka tukaacha kuiita baraka kwa sauti. Mto Tana ulivunja kingo zake. Malori yalikwama kwenye matope njia ya Modogashe, madereva wakalala juu ya turubai. Mbu walikuwa kama moshi. Nilipoyaona kwa macho yangu yale maneno ya sheikh yakitembea angani, nilitia udhu mara mbili nikisahau nimefika wapi.

Siku moja, adhuhuri imetoka kuadhiniwa, akaingia binti wa dada yangu, matope yamemfika kiunoni. Boma lao lilikuwa kwenye mwinuko mmoja njia ya Bura, na alikuwa ametembea ndani ya maji tangu alfajiri. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, abti.

"Abti, kondoo wote wameharibu mimba. Wote. Na yule dume mkubwa anatoka damu puani. Wanaume wanasema achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee, watoto hawajala siku mbili. Nimewaambia wangoje. Nakumbuka nikiwa mdogo ulikuwa ukisoma jambo kama hili. Lile daftari linasemaje?"

Aliuliza. Mtu alikuwa ameuliza.

Nilihisi sahihi yangu kama kidonda. Nikamwambia, "Ngoja niswali."

Niliswali, nikarefusha. Nikamaliza, nikaongeza sunna. Nikajiambia labda posta ina barua ya idhini, nikaenda posta katika matope, nikakuta imefungwa. Hakuna kilichoingia kwa wiki nzima. Nikarudi nikakaa mbele ya sanduku la bati, ufunguo mkononi. Muadhini akaita alasiri. Binti alisimama mlangoni akifunga kitambaa chake upya.

"Abti, kuna trekta inayorudi upande wetu mpaka kwenye bonde. Nikiikosa nalala hapa. Linasemaje?"

"Mambo haya yana masharti yake," nilimwambia. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema. "Nipe siku moja."

Akaniangalia, mtoto niliyemfundisha Alif. "Kama hujui, sema hujui, abti. Si aibu." Akaondoka.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alikuja na sinia mkononi akasimama mbele yangu.

"Maalim, umeuza ulimi wako kwa karatasi, na ukaongeza ngamia juu?"

"Nimetoa ahadi. Hujui uzito wake."

"Mimi sijui mengi. Lile daftari ni lako?"

"Ni wakfu."

"Wakfu ni wa nani?"

"Wa Mwenyezi Mungu."

"Basi uliuzaje?" Akaweka sinia chini. "Ungemuuza ngamia wa jirani, yule mnunuzi angekuwa na haki gani?"

Nimefundisha mlango wa biashara kwa miaka ishirini. Kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anajua kwamba asiyemiliki hawezi kuuza, na kwamba uuzaji wa wakfu ni batili tangu unapotamkwa. Nilikuwa najua hayo kama ninavyojua njia ya msikitini, lakini hofu ilikuwa imekalia mlango. Nilifarijika kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili ikaleta hofu nyingine: kama kuuza kulikuwa batili, basi nilithibitisha kwa sahihi kwamba mimi ni mwenye mali, na huo ulikuwa uongo. Sikuwa mfungwa wa mkataba. Nilikuwa mtu aliyemdanganya mnunuzi.

Dhambi hiyo nitaishughulikia baadaye, nilijiambia. Trekta ilikuwa imekwisha kuondoka.

Niliondoka baada ya swala ya alfajiri, daftari nimelifunga kwenye plastiki ya sukari juu ya kichwa. Sijui kuogelea. Maji yaliponifika kifuani nilisoma kila dua niliyoijua, na nilipokutana na mtu yeyote, hata nisiyemjua, nilimpigia kelele hukohuko majini: msichinje kondoo wagonjwa, msiwachune, msiguse vijusi! Wengine walinijibu salamu. Mmoja alidhani nimeingiwa na wazimu, akanionea huruma.

Nilifika jua likiwa limepinduka. Moshi ulikuwa ukitoka bomani. Dume alikuwa amekwisha chinjwa asubuhi ile, ngozi yake imetandazwa juu ya miiba, na mume wa mpwa wangu alikuwa na damu mpaka viwikoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa na mkato mpya wa kisu.

Sikumbuki nilivyoeleza. Nakumbuka nilimwaga sufuria, na watoto wakalia. Kaka mkubwa wa mume akasimama mbele yangu.

"Maalim, umetembea kwenye maji nusu siku kuja kutunyima nyama?"

"Ndiyo."

"Ungekuja jana ungetunyima mapema, tusingejichosha kuchuna."

Alisema kwa mzaha, akitaka kuwatuliza watoto. Hakujua alichonichoma nacho. Binti alikuwa amesimama kando, anajua saa ngapi aliniuliza.

Tulifukia nyama na ngozi kwa majembe, mikono tumeifunga mifuko. Nilimwosha mume yule mwenyewe, kwa sabuni na majivu, kidole kwa kidole, kama ninavyoosha maiti, na wazo hilo liliponijia nilisimama nikashindwa kuendelea. Kisha tukakaa kungoja. Hakuna lori, hakuna barabara, hospitali iko ng'ambo ya maji. Kila asubuhi nilimgusa paji la uso kabla sijamwamkia. Siku ya kwanza, baridi. Ya pili, baridi. Ya tatu aliniambia, "Adeer, ukiendelea kunigusa hivi nitaugua kwa woga wako tu," nasi tukacheka. Adeer ni baba mdogo kwetu, nami hakuna siku niliyolistahili jina hilo kidogo kuliko siku ile.

Siku ya nne alitetemeka.

Sitaeleza siku zilizofuata. Binti yetu hakunilaumu kwa neno lolote, na afadhali angenilaumu. Alikuwa akimpa maji kwa kijiko, na mimi nikisoma upande wa kichwa chake, na katikati ya aya nilikuwa najikuta nahesabu: kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Ningemjibu ndani ya saa zile, angefika na jibu jioni ile, kabla kisu hakijanolewa.

Mungu alimwinua. Homa ilishuka, akaomba chai. Lakini alipotoka nje alisimama akipepesa, akasema katikati ya kila kitu pana wingu. Jicho la kulia likapona. La kushoto halikurudi.

Niliporudi mjini nilisimama msikitini Ijumaa, nikasoma kurasa zile zote kwa sauti, kwa Kisomali na Kiswahili, kisha nikazinakili mpaka vidole vikakakamaa, na kila aliyenakili kwangu alinakili mara mbili. Baadaye madaktari walikuja kwa ndege, redio ikatangaza, na mambo yakawa ya wenye vifaa. Barabara ilipofunguka niliandika barua ya pili kwa wenye jarida. Sikuomba idhini. Nilikiri. Niliwaambia kwamba niliwauzia kitu kisichokuwa changu, kwamba mwenyewe ni Mwenyezi Mungu, na kwamba nimekwisha kukitoa bure kwa watu. Niliomba wanihalalishie uongo wangu. Mwalimu wa sekondari aliitia kwenye Kiingereza, akaniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kuituma.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi: bahasha nzuri, ndani yake bei za mwaka ule kwa maktaba na kwa msomaji binafsi, na fomu ya kujaza. Hapakuwa na barua. Nimeihifadhi ndani ya daftari, kwa sababu mtu uliyemwomba msamaha hujui atajibu lini.

Mjukuu wangu anayesoma chuoni ananiambia kwamba siku hizi yapo majarida yanayofanya kama sheikh wangu: mwandishi au mfadhili analipa mara moja, wasomaji wote wanasoma bure. Nilishukuru. Kisha nikamuuliza, "Na mwandishi asiye na ngamia?" Akasema hilo bado linawasumbua. Nikamwambia yule mfugaji wa Modogashe hakujua kusoma, lakini alinunua karatasi. Watafuteni watu kama yeye.

Mume wa binti yetu hupita kunisalimu kila akileta mbuzi sokoni. Hukaa akiniweka upande wa jicho zima. Mara moja nilijikaza nikamwambia kwa nini nilichelewa, fomu na sahihi na yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Adeer," akasema, "mimi hata nilipokuwa na macho mawili sikujua kusoma. Hujanipunguzia kitu." Akacheka, akanishika mkono. Kisha akauliza, kwa upole, "Wale watu wa jarida wamejibu?"

"Bado."

"Basi nimekusamehe mimi, wao tuwangoje."

Nilisema Alhamdulillahi, na niliimaanisha. Lakini alipoinuka alijigonga bega la kushoto mlangoni, akapapasa nguzo, akatoka. Msamaha wake ninao. Ule muda kati ya adhuhuri na alasiri nitaulizwa na Mwingine, na kila muadhini anapoita swala hizo mbili, mpaka leo, najikuta nahesabu.